Kitanda Chetu Kilivyogeuzwa Japani

Safari hii nimekwisha isimulia vipande vipande, kimoja barazani, kimoja dukani huku nikikata nguo, hata sasa kila mtu hapa Matrah ana safari yangu aliyoitunga mwenyewe. Wapo wanaosema tulifukuzwa na majini. Wapo wanaosema mke wangu Zuwena alikufa akafufuka. Na wake zenu, waliokuja kumpa pole wakakaribishwa hadi chumbani, wametoka na swali moja: mbona kitanda cha Nassor kimegeuzwa, mito imekuwa penye miguu? Basi nimekaa kitako niyaandike yote mara moja, tangu kuondoka hadi kurudi. Habari za tiketi na mihuri sizigusi, kila mtu anaijua dhiki yake.

Asiyenijua ajue kuwa mimi, Nassor, ni muuza nguo. Nilizaliwa Unguja, nikaja hapa Omani mwaka wa sitini na nne kwa ami yangu, pamoja na mke, mtoto mchanga na sanduku moja. Nguo zangu nyingi naziagiza Osaka, kwa nyumba moja ya biashara ambayo karani wake, Bwana Morita, tuliandikiana naye barua kwa Kiingereza miaka sita bila kuonana. Kila barua ilimalizika kwa kunialika. Mwaka huu wa sabini, milango ya ukuta wa mji wa Maskati ilipoacha kufungwa usiku na watu wakaanza kupumua, nikamwambia mke wangu, twende. Akakubali kwa sharti moja, nimpeleke penye theluji aishike kwa mkono wake.

Matrah hadi Osaka

Tuliondoka siku chache baada ya Idi. Binti yetu Salma tulimwacha Sidab kwa Bi Thuwaiba, shangazi yake Zuwena, ambaye hakuwahi kutupa baraka bila kuichanganya na ndimu.

"Nendeni," alisema mlangoni. "Munakwenda kwa watu wasojua hata kuosha maiti. Nendeni tu, wanangu."

Niliona anatania. Zuwena hakuona hivyo. Ndege ilipoinuka kutoka uwanja wa Beit al-Falaj, ikayapita majabali karibu hata nikaona mbuzi mmoja ananitazama, akanishika mkono wa koti.

"Baba Salma, mie nna khofu moja tu, na si ya ndege."

"Ya nini?"

"Nkifa huko, nani ataniosha?"

"Utakufa vipi nawe umekula sambusa sita asubuhi?"

Hakucheka. "Nipe ahadi. Utaniosha wewe mwenyewe, utanielekeza kibla, utanikafini kwa mkono wako. Usinitie mikononi mwa watu."

Nikampa ahadi. Niliitoa haraka, kama ninavyomwahidi mteja kuwa mzigo utafika wiki ijayo, kisha nikaomba chai. Nayataja haya mapema kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Bahrain tulisubiri siku nzima, Bombay siku moja na nusu, Hong Kong tukapotezewa sanduku na kurudishiwa jingine lenye viatu vya mtu. Osaka, Bwana Morita alikuwa mfupi kuliko mwandiko wake. Alituinamia mara nyingi, nami nikamwinamia kila mara, mpaka Zuwena akaniambia kwa Kiswahili, basi, utavunjika. Sanduku letu lilitufuata baadaye. Ndani yake mlikuwa na tende, halua, papa mkavu, chetezo na udi, na jora dogo la bafta nyeupe nililolichukua kama sampuli, nimwoneshe Morita jinsi mzigo wake wa mwisho ulivyokuwa mwepesi.

Morita alikuwa ametupangia safari: mji wa zamani wa Tsumago, kisha Takayama, kisha kijiji cha milimani kwa shangazi yake, mjane aliyelaza wageni. Yeye asingeweza kufuatana nasi, alikuwa na kazi. Nilimweleza kuwa nyama isiyochinjwa na Mwislamu hatuli, wala pombe hatugusi. Akaandika kadi kwa herufi zao, tuioneshe kila tutakapofikia: watu hawa hawali nyama ya aina yoyote wala hawanywi pombe. Nikaitia mfukoni nimefurahi. Nilidhani nimebeba ufunguo.

Tsumago

Tsumago ni njia moja ndefu kati ya milima, nyumba za mbao nyeusi huku na huku, na mbele ya kila nyumba kimia cha fito nyembamba. Aliye ndani anakuona, wewe humwoni. Tulipoingia jioni na ukungu wake, hapakuwa na mtu njiani. Lakini tulipopita kila nyumba tulisikia kitu kinasogea nyuma ya fito, na tulipogeuka kikanyamaza.

Nje ya mji, kando ya njia ya msituni, tulikuta sanamu ndogo za mawe, kiasi cha mtoto wa miaka mitatu, zimesimama safu, kila moja imevishwa kitambaa chekundu shingoni. Nyingine zimepauka, nyingine mpya. Nilitazama nguo, ndiyo kazi yangu: pamba ya kawaida, imeshonwa kwa mkono na mtu asiye fundi.

"Za nani hizi?" Zuwena aliuliza.

"Mapambo."

"Hapana. Nguo hizi zimeshonwa na mama wa mtu." Akavuta ushungi wake na hakutaka kupita njia ile tena.

Katika nyumba ya wageni mlikuwa na majoho ya pamba ya kuvaa ukitoka kuoga. Zuwena alilivaa lake, akalifunga upande wa kulia juu ya wa kushoto, ulivyoangukia mkono. Mtumishi wa kike, mwanamke wa makamo, aliingia na chai. Alipomwona aliiweka chai chini, akapiga magoti, akalifungua joho la mke wangu mbele yangu bila hodi wala samahani, akalifunga upya, kushoto juu ya kulia. Kisha akacheka kwa adabu na kutoka kinyumenyume.

Nilionesha kadi. Chakula kikaja: wali, mboga za kuchachuliwa, uyoga, na kitu cheupe, laini kama mtindi uliogoma. Nyama hakuna, samaki hakuna. Watumishi walituhudumia kimya, macho chini. Chumba cha pili watu walikuwa wanacheka, na mtumishi akaenda kuwanyamazisha.

Na hapo ndipo habari ya kitanda ilipoanza. Japani watu hulala chini, juu ya magodoro yanayotandikwa jioni na kukunjwa asubuhi. Mimi nililelewa na bibi mzaa baba, naye hakumruhusu mtu wa nyumba yake kulala ila kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Kitanda chetu cha Matrah kimepangwa hivyo. Nilikuwa na dira niliyoinunua kwa baharia, na ami yangu aliwauliza wajuzi wakamwambia: ukiwa Japani, kibla ni magharibi, uchepuke kidogo kaskazini. Nikaweka dira sakafuni, nikayageuza magodoro. Ukilala kwa ubavu wa kulia na uso magharibi, kichwa chako kinakuwa kaskazini. Hesabu nyepesi. Tukaenda kutia udhu tusali isha.

Tuliporudi, magodoro yalikuwa yamegeuzwa. Mito iko kusini, mashuka yamenyooshwa, wala hatukumsikia mtu kuingia.

"Uliyageuza kweli?" Zuwena aliuliza.

"Niliyageuza."

Nikayageuza tena na kuyakalia. Nje, kwenye njia ile tupu, kilianza kusikika kitu kama vijiti viwili vinavyogonganishwa, ta, ta, kikija polepole, kikapita chini ya dirisha letu, kikaenda zake. Nilichungulia. Kulikuwa na ukungu tu. Zuwena alisoma alichokijua kwa moyo, na mimi, niliyekuwa nimepania kumcheka, nikaitikia amina.

Takayama

Takayama ni mji mkubwa zaidi, una soko la asubuhi, mto na daraja jekundu. Nilidhani kwenye watu wengi moyo utatulia. Tulifika Alhamisi, na Alhamisi jioni ni desturi ya mke wangu kufukiza. Alitia makaa kwenye chetezo, akaweka vipande viwili vya udi, akafukiza nguo zetu na chumba. Kisha, kwa uchovu wa njia, akajilaza chali chini ya blanketi, na chetezo chake kando ya mto. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke nilihisi niko kwangu.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwenye nyumba, mzee aliyevaa joho la hariri ya kijivu, hariri nzuri, ya kusokotwa kwa mkono. Aliivuta ile harufu. Alikitazama chetezo, moshi, kisha Zuwena pale alipolala. Akapiga magoti kwenye kizingiti, akaunganisha viganja, akainamisha paji la uso mpaka kwenye mkeka, akimwelekea mke wangu. Zuwena akakurupuka na kukaa. Yule mzee akapiga ukelele mdogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Aniinamia mie kwani nini?" Zuwena aliniuliza alipokwisha kwenda. "Baba Salma, watu hawa waona kitu kwangu."

"Hawaoni kitu. Wamependa udi."

"Mtu akipenda udi hasujudu."

Jioni hiyo magodoro yaligeuzwa mara mbili. Mara ya pili tulikuwa ndani, nyuma ya ubao wa kubadilishia nguo, na hatukusikia hata mkeka kulia.

Asubuhi tulikwenda kutembea. Nilipogeuka sokoni nilimwona mtu wa koti jeusi, mmoja wa wafanyakazi wa nyumba yetu, amesimama kwenye kibanda cha matango. Nilipogeuka kwenye duka la masega, yuko. Tulisimama, akasimama. Tulipofika kwenye daraja jekundu Zuwena aliona samaki wanene chini, akaegemea ukingo, nami nikaegemea kando yake kumwonesha mmoja mwenye madoa. Tulisikia viatu vinakimbia. Mtu yule akanishika koti kwa nyuma kwa mikono miwili na kunivuta, kisha akamvuta Zuwena kwa ushungi. Alikuwa ameghadhibika na machozi yamemjaa. Alisema maneno mengi. Sikuyajua. Akatusindikiza hadi nyumbani, yeye katikati yetu.

Ukistaajabu ya Musa, wahenga wamesema. Nilitaka turudi Osaka siku ile ile. Zuwena ndiye aliyekataa.

"Nimekuja kushika theluji," alisema. "Nkirudi sikuishika, Bi Thuwaiba atanicheka mpaka kiama."

Basi la mlimani

Kesho yake saa nne tulipanda na basi. Dereva alivaa glavu nyeupe na kuzungumza na barabara peke yake. Miti ilikuwa imebeba utando wa barafu, na vijiji vilikuwa vinapungua. Tulipita nyumba zilizoachwa, milango wazi, miti yake imejaa matunda ya rangi ya chungwa ambayo hakuna aliyeyachuma. Njiani Zuwena alianza kukohoa. Nikampa tende na koti langu, na suruali yangu ikalowa chai dereva alipokata kona. Nilichokuwa nacho kikavu ni kanzu. Basi nikashuka kijijini mle, saa tisa ya alasiri, nimevaa kanzu nyeupe na kofia, na theluji ya kwanza inaanguka.

Mgeni kuku mweupe, lakini sijawahi kuwa mweupe kiasi kile. Wanawake waliokuwa wanaosha figili kwenye mfereji waliacha kuosha. Mmoja aliingia ndani na kufunga mlango. Aliyebaki alinitazama miguuni, kwa makini, kama anahakikisha kuwa ninayo.

Zuwena hayo hakuyaona. Alikuwa amekwisha vua ndara zake na kusimama kwenye theluji pekupeku, viganja wazi, anacheka peke yake. "Haina uzito," aliniambia. "Nilidhani ina uzito." Nilimwacha acheze. Hilo ni kosa langu la kwanza.

Nyumba ya Bi Yone

Shangazi yake Morita anaitwa Yone, na mimi nilimwita Bi Yone, mwenyewe akaitikia. Ni mkongwe, mgongo umepinda, mikono ni kama ya mpiga makasia. Nyumba yake ina paa la manyasi lililosimama mwinuko kama viganja vya mtu anayeomba, na ndani mna meko katikati ya sakafu, hakuna bomba, moshi unapanda wenyewe na kuzitia boriti weusi. Aliisoma kadi yetu, akatutazama, akaisoma tena. Akasema neno moja kwa upole na kutupa chumba cha ndani.

Katika chumba kile, juu ya mlango, zilitundikwa picha za maiti wa nyumba. Nilijua ni maiti kwa namna zilivyopangwa, wazee kwa vijana, na kijana mmoja wa sare za jeshi mwisho wa safu. Hazikubandikwa ukutani, zimeinamishwa mbele, kila uso unamtazama aliyelala chini. Zuwena alizigeukia na kusema asalaamu alaykum, kwa sababu hakujua la kusema jingine.

Nikaweka dira. Nikageuza. Bi Yone akaja na mkaa, akageuza. Safari hii alifanya mbele yangu, bila haya, akininyoshea kidole kaskazini na kupunga mkono: la, la, la. Nilimwonesha magharibi, nikainua vidole masikioni na kumfanyia rukuu. Akatikisa kichwa, akaondoka. Tulilala kwa ubavu wa kushoto, nimenuna.

Asubuhi Zuwena alikuwa anaungua. Kifua kilikuwa kinalia kama mlango mkavu, midomo imepauka, na theluji ilikuwa imefika kwenye madirisha. Basi halikuja. Bi Yone alikwenda posta kupiga simu, akarudi na kunionesha vidole viwili, kisha jua likichomoza na kuzama. Siku mbili. Siku ya kwanza ilipita. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, Zuwena aliacha kunijibu kwa jina. Alimwita Salma, akamwita mama yake aliyeko Unguja, ambaye hatujamwona tangu sitini na nne. Kisha akafumbua macho na kunitazama vizuri.

"Ahadi yako," alisema.

Nitasema nilivyofanya. Nilitia maji kwenye sufuria nikayateleka mekoni. Nilivaa kanzu safi. Nikawasha udi. Nikafungua sanduku nikatoa lile jora la bafta, na nikaanza kulipima, pua hadi ncha ya mkono, wari baada ya wari, kama nipimavyo kila siku dukani, maana mikono ilikuwa inataka kazi inayoijua. Sanda ya mwanamke ni vipande vitano. Bafta nzuri ukiivuta inalia. Ile nyepesi ya Morita nayo ililia. Nikafika wari ya nane nikaona itatosha. Kisha nikalivuta godoro lake, nikamgeuza kwa ubavu wa kulia, uso kibla, kichwa kaskazini, chini ya zile picha, na nikakaa kichwani kwake kumsomea Yasini. Nilikuwa nalia. Nilikuwa pia, Mungu anisamehe, nimetulia, kama mtu aliyefunga hesabu.

Mlango ukafunguka. Bi Yone aliona kanzu nyeupe, nguo nyeupe, moshi wa udi, na kichwa cha mgonjwa kaskazini. Hakupiga kelele. Alishika ncha ya godoro, yeye mkongwe, akalikokota na mtu juu yake mpaka kichwa kikawa kusini. Nikalirudisha. Akalikokota. Nikalirudisha, naye akanitazama kwa uso wa chuki ambao sijauona kwa mwanadamu. Mara ya tatu alilala yeye mwenyewe upande wa kaskazini, mwili mzima, godoro lisipate pa kupita. Akatoa mkono, akauzima udi kwa chai. Akalivuta jora langu la bafta na kulikalia.

Ningeweza kumwondoa, alikuwa mwepesi. Nilisimama pale na maji yanachemka mekoni, nikajiona na picha zile zinaniona. Nikakaa.

Bi Yone alifanya kazi yake. Alimwinua Zuwena, akampaka kifuani kitu kilichonuka haradali, akamnywesha uji wa wali kijiko kwa kijiko, na tunda la chumvi alilolitafuna kwanza yeye. Alimsemesha muda wote, kwa sauti kali, kama mtu anayemkaripia mtoto asilale wakati wa chakula. Alimpiga piga viganja. Mimi alinituma maji na kuni. Kulipopambazuka Zuwena alitoka jasho, akaomba maji kwa Kiswahili, na Bi Yone akampa kana kwamba ameelewa.

Maneno ya Morita

Morita alifika adhuhuri na daktari, juu ya gari la kusukuma theluji. Daktari alimdunga sindano, akasema kifua kimekwisha vuka kibaya chake. Morita alizungumza na shangazi yake kwa muda mrefu mekoni, kisha akanijia, akakaa bila raha, kama mtu mwenye jambo la aibu.

"Bwana Nassor, kosa ni langu. Ningekueleza. Kwetu maiti ndiye anayelazwa kichwa kaskazini. Aliye hai halazwi hivyo hata siku moja. Maiti ndiye anayefungwa joho kulia juu ya kushoto. Ubani wa kando ya mto ni wake. Nguo nyeupe ni zake. Na wasiokula nyama ni wafiwa. Kadi yangu iliwaambia kila mahali kuwa mnaomboleza."

"Wakadhani sisi maiti?"

"Baadhi ya wakongwe hapa, ndiyo, ulipotoka kwenye theluji; mzimu wa kwetu hauna miguu. Wale wa Takayama walidhani jambo jingine." Alisita. "Zamani walikuwako mume na mke waliokwenda mbali wakajitosa mtoni pamoja, wasitake kurudi. Wenye nyumba za wageni wanawajua kwa dalili. Mwenye nyumba wa Takayama amenipigia simu mara tatu kuuliza kama mngali hai."

Nikamuuliza na vile vijiti vya usiku vya Tsumago, kumbe ni mlinzi wa moto, na vile vitambaa vyekundu, kumbe ni vya mama waliofiwa na watoto. Nikamkumbuka mtu wa darajani na machozi yake. Njia nzima tulikuwa tunawaogopa watu, na watu walikuwa wanatuogopea sisi.

"Mwambie shangazi yako," nilisema, "kwetu anayelala hivyo ameelekea kwa Mola wake. Mwambie sikutaka mabaya."

Akamfasiria. Bi Yone alisikiliza huku anageuza kuni. Akajibu maneno machache.

"Anasema anajua. Anasema ulikuwa unamwandaa vizuri sana. Lakini mtu ukimwandaa, huondoka."

Kurudi

Tulikaa siku kumi mpaka Zuwena akaweza kutembea. Wakati wa kuaga, Bi Yone alinirudishia jora langu, amelikunja barabara kuliko mimi. Zuwena alimpa chetezo, naye akakiweka mbali na vyumba vya kulala. Wakakumbatiana, nami nikatazama pembeni.

Njiani kurudi mke wangu alikuwa na afya na alikuwa kimya. Nikidhani ni udhaifu. Takayama mwenye nyumba alitupokea kwa kicheko kilichokuwa karibu na kilio. Osaka, Hong Kong, Bombay, kimya. Sidab, Bi Thuwaiba alimkamata Salma asimrukie mamake, akauliza, "Haya, theluji vipi?" Zuwena akasema, "Haina uzito," akaingia ndani.

Siku tulipofika chumbani kwetu Matrah, nilikuwa nafungua sanduku. Alilitoa lile jora, akakaa nalo kitandani.

"Nlikusikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Nlikusikia wapima. Sikuweza kufumbua macho, lakini masikio yalikuwepo. Nlisikia bafta yalia, wari moja, wari ya pili. Nlihesabu na wewe. Nkasema, ikiwa Nassor apima, basi mie nshakwisha, yeye hakosei vipimo. Nkaanza kwenda."

"Ulitaka ahadi. Ulinitazama ukaniambia."

"Nlikutazama. We hukunitazama. Ulinyanyuka ukaenda kwenye sanduku." Hakuwa ameghadhibika. "Ahadi uliitimiza, na Mungu atakulipa. Lakini kuna mtu aloniaga na kuna mtu alokataa kuniaga, na alokataa sijui hata lugha yake."

Ndiyo sababu nimeandika kurasa zote hizi badala ya kukujibuni barazani. Nilimuuliza anataka nini. Akasema kitanda kigeuzwe. Nikakigeuza, kwa mikono yangu, mito kusini, na bibi yangu huko aliko anisamehe. Ile bafta aliikata siku ya pili yake, akashona foronya za mito miwili. Kilichobaki kamshonea Salma shumizi.

Mimi sasa nalala uso kibla kwa ubavu wa kushoto, na moyo haujazoea. Kila siku, kabla ya kufumba macho, Zuwena hugeuka akanishika kidevu, akanigeuzia uso wangu kwake.

"Siku yangu ikifika," husema, "ntazame kwanza. Ntazame sana. Halafu ndo upime."

Nami namtazama. Kichwa chake kiko juu ya ile sanda, na anapumua.